Meneja Hapigi Kadi

Baba Pacha alikuwa mtu wa kupigana, na nakuambia mapema ili usije ukanishika shati baadaye ukidai nilikuficha. Kule machinjioni, alikoanza kazi akiwa na miaka ishirini na mbili, walimwita Nusung'ombe, kwa sababu alibeba nusu ya ng'ombe begani peke yake kutoka kwenye kulabu hadi chumba cha barafu, huku wenzake wakibeba wawili wawili na kulalamikia migongo. Nguvu hizo hakuzitumia kwa nyama tu. Dereva wa lori la ngozi alipoteza meno mawili kwa sababu ya nafasi ya kuegesha. Mlinzi wa geti alipigwa kichwa cha pua siku alipomkagua mfuko mara mbili. Ukimuuliza kisa, alikujibu, "Alinitazama vibaya," na kwake hicho kilikuwa kisa kilichokamilika.

Lakini kazi aliijua, hilo hata maadui zake walikubali. Mnyororo unapita juu, ng'ombe ananing'inia kichwa chini, damu bado inachuruzika, na mchunaji ana dakika saba za kumvua ngozi bila kuitoboa. Ukitoboa, ngozi inashuka bei na wewe unatukanwa. Ukichelewa, ng'ombe anayefuata anakugonga mgongoni. Baba Pacha alichuna kwa dakika tano, mkono wa kushoto ukivuta ngozi, wa kulia ukiteremsha kisu, na zile dakika mbili zilizobaki alizitumia kumtukana aliyekuwa mbele yake kwenye mstari kwa uvivu.

Saa nane kwa siku ndizo zilikuwa za mshahara. Zikizidi, mashine ya kadi pale mlangoni ilizirekodi, na mwisho wa mwezi kila saa ya ziada ililipwa kama saa moja na nusu. Ovataimu hiyo ndiyo iliyojenga vyumba viwili alivyoishi na mkewe, Mama Pacha, na binti zao wawili waliozaliwa siku moja. Mama Pacha alikuwa akisema kwamba ukuta wa mbele ni Januari na Februari, na bati ni mwaka mzima wa jasho, na mtu asiuegemee ukuta wake na mguu mchafu.

Mwaka wake wa kumi na mbili kazini, mwenye machinjio, ambaye wote walimwita Tajiri, alimwita ofisini. Baba Pacha alikwenda na damu hadi kwenye viwiko. Akaonyeshwa kiti.

"Kaa tu," Tajiri akasema. "Kiti kitafutwa."

Mezani lilikuwa limekunjwa koti jeupe lenye mfuko wa kalamu, na juu ya mfuko pameshonwa kwa uzi mwekundu: MENEJA WA ZAMU. Makoti ya wachunaji yalikuwa ya bluu. Jeupe alivaa Tajiri na daktari wa mifugo, basi.

"Kuanzia leo wewe na ile mashine mmeachana," Tajiri akamwambia. "Meneja hapigi kadi. Kadi ni ya vibarua."

Dada wa utumishi alisimama kando na kalamu, akamsomea barua mbio mbio. Mshahara mmoja kwa mwezi, mkubwa kidogo kuliko ule wa zamani. Hakuna malipo ya saa za ziada, kwa kuwa kwa mujibu wa sheria meneja hujipangia muda wake, huongoza watu, huajiri na kufukuza, na kazi yake haipimwi kwa saa.

"Umeelewa, kaka?"

"Nimeelewa," akasema, na hakuwa amesikia hata nusu, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye ule uzi mwekundu. Akasaini. Wengine huvishwa kilemba cha ukoka na watu. Huyu alikipokea kwa mikono miwili, akakivaa mwenyewe, akauliza kama kuna kioo.

Nyumbani Mama Pacha aliligeuza lile koti mbele na nyuma, akaangalia mishono.

"Na ovataimu?"

"Umeolewa na meneja, bado unawaza ovataimu?"

"Nimeolewa na mtu anayelipa ada za watoto wawili darasa moja," akajibu. "Hayo mengine utanieleza mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi hakumweleza. Mshahara wa meneja ulikuwa mdogo kuliko mshahara wa mchunaji ukijumlisha na ovataimu yake, tena kwa karibu theluthi nzima. Aliusoma mstari wa jumla kwenye karatasi ya mshahara mara tatu, akapiga ngumi ukuta wa ofisi ya malipo mpaka rangi ikabanduka, kisha akaenda kwa dada wa utumishi na mkono umevimba.

"Si nilikusomea?" dada akasema. Na kweli alikuwa amemsomea.

Baada ya hapo wachunaji wawili waliacha kazi na Tajiri hakuziba nafasi zao. Azizibe za nini, na meneja yupo, anajua kisu, na hata akifanya kazi saa kumi na tano halipwi zaidi? Saa kumi jioni makoti ya bluu yaligonga kadi na kwenda zao, maana Tajiri alishakata idhini ya ovataimu kwa kila mtu. Ng'ombe waliobaki kwenye mnyororo walikuwa wa meneja. Aliingia saa kumi na moja alfajiri, akatoka saa mbili usiku, siku sita kwa wiki. Ratiba ya zamu ililetwa kutoka juu imeshaandikwa. Kitu pekee alichojipangia mwenyewe kilikuwa ukuta wa kuegemea akitaka kuhema.

Utauliza kwa nini hakulirudisha lile koti. Nami nimejiuliza, na nimekasirika kwa niaba yake. Jibu ni kwamba mtaani walishaanza kumwita Meneja. Muuza duka alimkopesha bila kununa. Baba mkwe, aliyekuwa hajawahi kumkaribisha ndani, alimkaribisha. Mtu aliyepigania heshima kwa ngumi maisha yake yote alikuwa amepewa heshima hiyo imeshonwa kwa uzi, na asingeirudisha hata kama ingemuua.

Ilianza kumuua. Siku moja fahali alichomoka kwenye kulabu kabla hajafa vizuri, akaanguka sakafuni, akasimama na damu inamtoka shingoni, akamkanyaga mfagiaji na kumvunja mbavu tatu. Watu walikimbilia juu ya meza. Baba Pacha alikuwa na saa kumi na mbili mwilini tangu aamke. Alichukua shoka la kukatia mifupa, akamfuata yule fahali hadi kwenye pembe ya ukuta, akampiga la kwanza kwenye paji la uso, la pili, la tatu. Fahali alianguka. Yeye hakuacha. Alipiga hadi kichwa kikapoteza sura, na wenzake wakamtazama tu, kwa sababu ile haikuwa tena kazi. Tajiri alishuka ngazi, akampigapiga bega, akasema, "Huyo ndiye meneja ninayemtaka."

Nyumbani hakuwahi kumpiga mkewe. Alipiga vitu vya mkewe. Alirusha sufuria, akavunja redio ndogo ya jikoni. Jumapili moja pacha walikuwa wanacheka nje ya mlango wake naye amelala, akauvunja mlango huo kwa bega badala ya kuufungua, na watoto wakakimbilia kwa jirani bila viatu. Mama Pacha alisimama kwenye tundu la mlango na mwiko mkononi.

"Siku utakaponigusa mimi," akamwambia, "hakikisha unanimaliza. Ukiniacha mzima utajuta."

Akamwamini. Akaenda kulala na mabuti miguuni.

Sasa ngoja nikuletee Redio. Redio alikuwa mdogo wake Mama Pacha, kwa hiyo shemeji yake Baba Pacha, mchunaji wa koti la bluu kwenye mstari ule ule. Walimwita hivyo kwa sababu aliongea kuanzia kadi ya asubuhi hadi kadi ya jioni. Aliiga sauti ya Tajiri, akawatangazia ng'ombe habari za mchezo wa mpira, akamchekesha hata daktari wa mifugo. Kila mtu alikuwa na utani wake kwa Redio, na Redio alikuwa na utani kwa kila mtu, shemeji yake akiwa wa kwanza.

Mwaka wa tatu wa lile koti jeupe ulikuja mzigo mkubwa wa nyama ya kupeleka nje, siku tatu mfululizo. Siku ya tatu, saa kumi jioni, zilibaki kulabu thelathini na nane zenye ng'ombe wasiochunwa. Baba Pacha aliwafuata wachunaji mlangoni.

"Nisaidieni saa mbili tu," akasema. Kuomba ni kitu alichokuwa hakijui, na kilitoka vibaya, kama amri.

Wakatazamana. Ovataimu ilishakatwa, kwa nini wafanye bure? Redio akagonga kadi yake, mashine ikalia, akageuka na tabasamu lake.

"Meneja," akasema kwa sauti ya Tajiri, "sisi vibarua tunakwenda kupumzika. Wewe jipangie muda wako."

Walicheka wote. Usiwalaumu, walikuwa wamechoka, na ilichekesha. Baba Pacha alikuwa ameshika chuma cha kunolea kisu, fimbo ya chuma yenye urefu wa mkono hadi kiwiko. Akampiga nacho Redio upande wa kushoto wa uso. Taya lilivunjika, na sauti yake waliisikia wote waliokuwa kwenye foleni. Redio aliteleza kwenye sakafu yenye damu, akajaribu kuinuka, akapigwa la pili upande wa pili. Kisha Baba Pacha akatupa chuma, akatumia buti. Mbavu, mgongo, mikono iliyojikinga kichwa. Wanaume wanne walimng'ang'ania na aliwaburuta. Redio alikuwa akijaribu kusema neno na taya halikufuata, lilibaki upande, na meno yalikuwa kwenye ulimi.

"Nimekufukuza!" Baba Pacha akapiga kelele. Akaichomoa kadi ya Redio kwenye kishikio, akairarua vipande. Akaenda kwenye kitabu cha zamu kilichoning'inia ukutani, akaandika: Redio nimemfukuza kazi leo, asirudi. Akasaini, na chini ya saini akaandika cheo chake chote.

Kisha, na hili ndilo linalonichukiza kuliko buti, akarudi kuchuna ng'ombe thelathini na nane.

Kesho yake Tajiri alisoma kitabu cha zamu. "Sasa umekuwa meneja kweli," akasema. Jina la Redio likafutwa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyemtuma Baba Pacha, hakuna aliyemshika mkono, na neno lake lilisimama kama lilivyoandikwa.

Mama Pacha alihamia kwa mdogo wake wiki tatu, akimnywesha supu kwa mrija kupitia pengo la meno. Redio hakwenda polisi, kwa sababu dada yake alimlilia kwamba baba wa watoto akifungwa watakula nini. Alikwenda ofisi ya kazi, akafungua dai dhidi ya machinjio, alipwe matibabu. Machinjio yakajibu kwa barua ya mistari minne: aliyempiga ni mfanyakazi mwenzake wa kawaida, tena shemeji yake, ugomvi wa kifamilia usioihusu kampuni. Jalada likakaa kabatini. Taya likaunga lenyewe, likaunga kombo. Redio akawa mtu wa maneno machache, na mate yakawa yanamtoka pembeni mwa mdomo bila yeye kujua, na anapojua ni vibaya zaidi. Mama Pacha alirudi nyumbani kwa ajili ya watoto. Na mumewe aliongea naye mambo ya chumvi na maji, basi.

Miezi minane baadaye ikawa zamu ya kisu kumgeukia mwenyewe. Kila mchunaji alivaa glavu ya chuma, ya vipete vidogo vidogo, kwenye mkono unaovuta ngozi. Glavu zikichakaa, mtunza stoo alitoa mpya kwa kufuata orodha. Ya Baba Pacha ilichanika.

"Haumo kwenye orodha," mtunza stoo akamwambia, akimgeuzia daftari aone. "Glavu ni za wachunaji. Mameneja hawakati nyama."

"Na mimi nafanya nini kutwa nzima pale?"

"Najua unachofanya, kaka. Lakini ningekupa, ingeonekana imepotea."

Wiki ile ile, saa yake ya kumi na nne kazini, kisu kiliteleza kwenye mafuta, kikaingia kiganja cha kushoto, kikapita upande wa pili. Alikivuta mwenyewe. Mishipa ilikatika kama nyuzi, vidole vinne vikalala na havikuamka tena. Hospitali walimshona ngozi wakamwambia hayo mengine ayasahau. Mchunaji bila mkono wa kuvuta ngozi si mchunaji. Siku ya kumi na tatu alipokea barua kwamba nafasi ya meneja wa zamu imefutwa, na fomu ya kurudisha koti.

Hapo ndipo aliposhituka, kachelewa kweli kweli. Alikwenda ofisi ya kazi, akaambiwa kitu ambacho kingemfaa miaka minne nyuma: sheria haimnyimi mtu ovataimu kwa sababu ya jina lililoshonwa kifuani. Wanatazama alichokuwa akifanya. Kama alikuwa akichuna ng'ombe kutwa, hapangi chochote, haajiri wala hafukuzi, basi alikuwa mchunaji tu, na saa zote zile ni deni. Saa zake, kwa miaka karibu minne, zilikuwa pesa za kulea watoto hadi wamalize shule na bado zingebaki za kufungua duka la mtu wa mkono mmoja. Hakuwa na kitu kingine duniani. Alikuwa na dai hilo na vyumba viwili.

Tatizo lilikuwa ule ukurasa wa kitabu cha zamu. Mchunaji wa kawaida hafukuzi mtu na neno lake likasimama.

"Nitasema Tajiri aliniamuru," alimwambia mkewe. "Lakini nani ataniamini?"

Siku ya tatu Mama Pacha alikwenda kwa mdogo wake. Sijui alipigaje magoti, na sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba alirudi macho mekundu, akasema, "Atakuja. Atasema Tajiri ndiye aliyemfukuza na wewe uliandika tu. Anafanya kwa ajili ya pacha. Usimshukuru, ukimshukuru atakutemea mate."

Chumba cha shauri, pale pale ofisi ya kazi, kilikuwa kidogo, meza moja ndefu, feni iliyokwama, mwamuzi mama wa makamo aliyevua miwani kila alipotaka kusikiliza. Upande mmoja Tajiri na wakili wake. Upande mwingine Baba Pacha na mkono wake uliolala mezani, na nyuma yake mkewe na shemeji.

Asubuhi ilimwendea vizuri. Mama Pacha alilitoa lile koti kwenye mfuko, madoa ya damu hadi kwenye kola, yaliyogoma sabuni zote.

"Meneja wako alikuwa anasimamia kwa kola?" mwamuzi akamuuliza Tajiri, na Tajiri akaangalia feni. Mtunza stoo alithibitisha habari ya glavu. Kisha wakili akaweka mezani kitabu cha zamu, akakifungua kwenye ukurasa ule.

"Alifukuza mtu," akasema. "Kwa saini yake. Kuna umeneja gani zaidi ya huo?"

Ndipo Redio alipoitwa. Alisimama, akala kiapo, na kiapo peke yake kilichukua muda mrefu kwa sababu maneno mengine hayakupita. Wakili wa kampuni alitabasamu kidogo. Baba Pacha alimwona akitabasamu.

"Aliyenifukuza ni Tajiri," Redio akasema. "Huyu... aliandika tu."

"Na usoni?" mwamuzi akauliza. "Nani alikufanya hivyo?"

Hilo hawakuwa wamelipanga. Mate yalimtoka pembeni, yakashuka hadi kidevuni, akatoa kitambaa, akajifuta, akakikunja vizuri, akakirudisha mfukoni.

"Nilianguka," akasema. "Sakafu... inateleza."

Huyu alikuwa mtu aliyewachekesha ng'ombe. Baba Pacha alihisi damu ikimpanda kama zamani, ile ile ya dereva wa lori na ya fahali, na alitafuta chumbani mtu wa kumpiga. Akamtazama Tajiri. Akamtazama wakili. Hapakuwa na mwingine aliyestahili zaidi ya mwenye mkono uliolala mezani.

"Anadanganya," akasema, akasimama hadi kiti kikaanguka. "Hakuanguka. Mimi nilimpiga kwa chuma cha kunolea, mara mbili, na nikampiga mateke akiwa chini. Kisha nikamfukuza. Hakuna aliyeniamuru. Ni mimi peke yangu."

"Baba Pacha!" mkewe akapiga kelele nyuma yake.

Wakili alikuwa ameshasimama, uso unang'aa. "Mheshimiwa, umesikia. Alitia watu adabu, alifukuza, kwa mamlaka kamili ya kampuni. Ni meneja."

Mwamuzi alivua miwani. "Kwa mamlaka kamili ya kampuni?"

"Kamili."

"Alipomvunja huyu taya, alikuwa meneja wenu, kazini, akitumia mamlaka yenu."

Redio akainua kidole kama mwanafunzi. "Jalada langu," akasema, "limo humu humu."

Karani alitumwa kabatini. Mwamuzi akasoma kwa sauti ile barua ya mistari minne, ile ya mfanyakazi wa kawaida na ugomvi wa kifamilia. Akaiweka kando ya kitabu cha zamu. Tajiri alikuwa akimvuta wakili mkono wa koti, wakinong'onezana kwa hasira kama watu wanaogombania shuka.

"Akitaka ovataimu ni meneja," mwamuzi akasema. "Akivunja mtu taya ni kibarua. Mmeniambia yote mawili kwa maandishi, kwa hiyo neno la kampuni siwezi kulitumia tena." Akamgeukia Baba Pacha. "Kuna ushahidi wa kola na glavu upande mmoja, na ukurasa huu upande wa pili. Nabaki na neno lako. Nitakueleza uelewe kabla hujajibu. Ukiwa mchunaji, saa zako nitaziamuru zilipwe, na taya la huyu ni lako mwenyewe, akakudai wewe. Ukiwa meneja, saa zako zimekufa hapa hapa, na taya ni la kampuni. Siku ile mlangoni ulikuwa nani?"

Baba Pacha alimjua vizuri ambaye angedaiwa, kama angejibu mchunaji. Angedaiwa mtu wa mkono mmoja asiye na kitu. Redio angesubiri hadi kaburini. Na alijua kitu kingine, ambacho hakuwahi kumwambia mtu: kwamba aliposaini kile kitabu na kuandika cheo chake chote chini, na damu ya shemeji yake kwenye buti, alijisikia meneja kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Nilikuwa meneja," akasema.

Mwamuzi alivaa miwani akaandika.

Nje, kwenye uwanja wa changarawe, Mama Pacha alimfikia kabla hajafika kwenye geti. Alimpiga kofi, akampiga la pili, akampiga kwa mkoba mpaka kamba ikakatika na vitu vikamwagika. "Nilipiga magoti!" alikuwa akilia. "Nilimwomba mdogo wangu aseme uongo kwa mdomo uliouvunja wewe, na wewe unajitakasa kwa ada ya watoto wangu! Ulishindwa kunyamaza siku moja tu!" Akampiga ngumi kifuani, akamkwaruza uso. Yule Nusung'ombe alisimama, mikono chini, wote wawili, ule mzima na ule uliokufa, akipigwa mbele ya watu. Mlinzi alikuja mbio.

"Mwache," Baba Pacha akamwambia mlinzi. "Mwache tu."

Redio ndiye aliyemshika dada yake mabega. "Basi, dada. Basi." Akamwokotea vitu vyake kimoja kimoja, akampa mkoba. Kisha akamsogelea Baba Pacha karibu sana, mpaka mwenyewe akafikiri sasa anapigwa na wa pili, akaacha uso wake wazi.

"Daktari anasema taya itabidi livunjwe tena," Redio akasema polepole, neno kwa neno, "ndipo liungwe sawa. Sasa watalipa. Zitakazobaki, nitawalipia pacha mwaka mmoja. Mmoja tu."

"Ahsante, shemeji," Baba Pacha akasema.

"Usiniite shemeji," Redio akamwambia. Akamshika dada yake mkono, wakatangulia kutoka getini.